Kiyoyozi Nilikiwasha Mimi

Mpendwa Mama Drusilla,

Nisaidie kabla mwezi huu haujaisha, maana ukiisha kuna mtu atafukuzwa mahali pake pa kazi kwa sababu ya uongo wangu, na mimi nimejaribu kuomba, nimejaribu kulala, nimejaribu hata kuacha chai, na hakuna kimesaidia, mke wangu anadhani nina mwanamke mwingine na heri ingekuwa hivyo, ningekuwa najua pa kuanzia.

Mimi ni dereva, nina miaka thelathini na mbili, natoka huku Kimulot karibu na msitu, mahali pa baridi mpaka mbuzi hutetemeka asubuhi. Naendesha gari ya Mwalimu Kipkosgei, mwalimu mkuu aliyestaafu, mtu mkali, ambaye alipopata malipo yake ya uzeeni alinunua gari ndogo nyeupe ya Japani iliyotumika, otomatiki, tena yenye kiyoyozi. Sasa Mama, kiyoyozi Kimulot ni kama kumnunulia samaki koti la mvua. Siku ya kwanza Mwalimu alikaa ndani ya hiyo gari akafungua kitabu chake kilichoandikwa Kijapani, akakisoma nusu saa kana kwamba anaelewa, halafu akaniambia hicho kidude ni cha watu wa Mombasa, kinakunywa petroli, na siku nitakigusa ndiyo siku nitaacha kazi. Nikasema ndiyo Mwalimu. Huyo huwezi kumjibu kitu kingine, alinifundisha darasa la sita na mpaka leo akitaka usikie vizuri anakushika sikio.

Lakini wacha nikiri yote. Nilikuwa nakiwasha nikiwa peke yangu, si kwa joto, joto litoke wapi, ni raha tu ya kuona hewa baridi inatoka kwa gari yangu kama ya waziri, na hapo ndipo nilianza kugundua kwamba gari ikiwa imesimama na kiyoyozi kimewashwa, injini inavuma yenyewe vuuu bila mtu kukanyaga mafuta, halafu inanywea kama inataka kuzima, halafu inavuma tena, na kila ikivuma gari inavuta mbele kama ndama aliyefungwa kamba. Nikizima kiyoyozi inatulia kabisa. Nilijua hayo miezi miwili kabla ya mambo kuharibika na sikuambia mtu, kwa sababu ningeambiaje mtu habari ya kitu ambacho sipaswi kukigusa.

Ikafika Januari. Mwalimu akawa anaoza binti yake wa mwisho, Caren, kule Chebunyo, na akasema bibi harusi atabebwa na gari yake wala si ya kukodi. Wiki moja kabla ya harusi alinituma kwa Fundi Opondo abadilishe breki za mbele. Opondo ni mtu wa ziwani, alikuja huku zamani kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai, baadaye akafungua banda lake la kutengeneza magari karibu na kituo tunapopimia majani. Ana miaka kumi na tatu hapa. Mke wake Monicah hushona sare za shule, watoto wao wanne wanaongea Kikipsigis kuliko mimi. Opondo alifunga hizo breki vizuri, nikazijaribu mwenyewe, nikamshukuru.

Siku ya harusi tulitoka Kimulot kwenye ukungu, lakini wewe unajua Chebunyo ni nchi nyingine, kufika chini huko jua linapiga na vumbi ni jekundu kama limesagwa kwa mashine. Tukifungua madirisha, gauni la Caren linageuka rangi ya tofali, tukifunga, yeye na msimamizi wake wanaiva huko nyuma. Mwalimu alikuwa kwenye lori la jamaa na zawadi, mbali nyuma yetu. Caren akaniambia, "Washa hiyo AC. Baba hataona." Na mimi nikawasha, na nisiseme uongo, nilifurahi kupata sababu.

Tulipofika kwa akina bwana harusi wakatupokea langoni, kwaya mbele, akina mama pembeni wanapiga vigelegele, tukawa tunasonga kwa mwendo wa konokono kuelekea tenti. Mguu wangu ulikuwa kwenye breki. Kwaya ikapisha pembeni, mzee mmoja akanipungia mkono nisonge kidogo, nikalegeza mguu, na dakika hiyo hiyo injini ikavuma vuuu, gari ikaruka kama imepigwa teke, na wakati mguu wangu unapata breki tena nilikuwa nimeshagonga mlingoti mkubwa wa mbele wa tenti. Tenti ikashuka yote. Chini yake kulikuwa na wachungaji watatu, wazee wa ukoo, na keki. Kwaya ilimaliza ubeti mzima kabla ya kufungua macho. Mchungaji mkubwa alitoka akitambaa, na krimu ya keki kwenye kola. Watu wangecheka, na wengine walianza kucheka, mpaka tukasikia sauti ndogo upande wa mlingoti, na ilikuwa ni kogo, nyanya yake bwana harusi, ambaye waliketisha pale kwa sababu ndipo kulikuwa na kivuli kizuri. Mlingoti ulimwangukia mkono ukavunjika.

Mwalimu aliposhuka kwenye lori akaniuliza mbele ya watu wote nimefanya nini, na Mama, mdomo wangu ulijibu wenyewe. Ulisema, "Breki zimekataa, Mwalimu. Opondo amezifunga vibaya."

Hayo maneno yalifika Kimulot kabla yetu. Jumatatu Opondo mwenyewe alikuja akaomba mashahidi, akachukua hiyo gari, akaiteremsha kwa ule mlima wa kituo cha majani na kupiga breki mara tatu, na mara zote tatu ilisimama kama imepigwa msumari. Watu wakasema amezirekebisha kisirisiri. Wengine wakasema maneno ambayo sitaki kuandika, ya nani ni wa hapa na nani arudi kwao, na wewe unajua si miaka mingi tangu maneno ya namna hiyo yachome nyumba za watu. Wenye magari wakaacha kwenda kwake. Mwalimu alipeleka gari kwa gereji mjini Kericho, wakafungua wakafunga, wakabadilisha hiki na kile, wakasema hawaoni kitu. Mchungaji naye alikuja akaiombea na kuipaka mafuta kwenye boneti, na Mwalimu akakasirika kwa sababu ya rangi.

Halafu siku moja mchana Opondo alinikuta naosha gari. Yeye siku zote huniita Dere, lakini siku hiyo aliniita kwa jina langu. Akaniuliza pole pole, "Siku ile, ulikuwa umewasha AC?"

Tulikuwa wawili tu, Mama. Hakukuwa na mtu mwingine, hata kuku. Nikasema hapana.

Akasimama kidogo akiangalia hiyo gari, akasema, "Basi ni breki zangu," akaenda.

Ningesema ukweli hata siku iliyofuata, lakini tulipompeleka kogo hospitali kwa lori kukaguliwa plasta, Caren alinivuta kando akaniambia nisimtaje, ameingia juzi katika hiyo nyumba, na wakijua kogo alivunjika mkono ili gauni lake lisishike vumbi, ataishi vipi na watu hao. Alikuwa analia. Nikamwahidi.

Sasa mwenye ploti alipojenga Opondo amempa mpaka mwisho wa mwezi atoe banda lake. Nikisema, nimemharibia Caren ndoa na nimepoteza kazi. Nikinyamaza, Opondo anahama na watoto wanne kwa kosa ambalo hakufanya. Nifanye nini? Na kama una nafasi, niambie pia hiyo gari inaugua nini, maana nimechoka kuiogopa.

Dereva Asiyelala,
Kimulot.


Mama Drusilla anajibu:

Dereva,

Barua yako ina kurasa saba na nimehesabu nukta chache kuliko vidole vyangu, hizi nyingine nimeziweka mimi. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitafuta fimbo. Halafu umeniomba nikufiche, kisha chini ukaandika jina lako kamili, sanduku la posta na nambari ya gari. Majina yote nimeyabadilisha. Jibu hili nalituma kwa posta leo hii na halitaingia gazetini mpaka mambo yaishe, maana mwisho wa mwezi haungoji gazeti letu.

Nianze na gari, kwa kuwa hilo ndilo jepesi. Wasomaji wangu wanadhani najua ndoa peke yake. Kabla sijapewa safu hii niliuza vipuri mjini Kericho miaka kumi na moja, na wateja wangu walikuwa mafundi wa kweli na mafundi waongo, na wote wawili nilijifunza kwao.

Sikiliza. Kiyoyozi kina kompresa inayozungushwa na injini kwa mkanda. Kompresa haizunguki wakati wote. Klachi yake inashika, kisha inaachia, kisha inashika tena. Ikishika, injini inabeba mzigo, na kama gari limesimama injini ingezima. Kwa hiyo waliolitengeneza wakaweka kifaa kidogo cha kuiongezea injini nguvu kila kompresa inaposhika. Kifaa hicho kikiziba kwa uchafu, au paipu yake ya mpira ikipasuka na kuvuta hewa isiyotakiwa, injini inapoteza kipimo: inaongeza kupita kiasi, inapunguza kupita kiasi, inaongeza tena. Na gesi ya kiyoyozi ikiwa imepungua ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu klachi inashika na kuachia kila baada ya sekunde chache, na injini haipati nafasi ya kutulia. Katika gari la otomatiki ambalo gia imeingia, kila mvumo ni msukumo. Gari lako halina pepo. Mwambie mchungaji aokoe mafuta yake.

Kulipima si kazi ngumu. Gari liwe mahali tambarare, gia iwe ya kuegesha, breki ya mkono juu, mawe kwenye magurudumu, na asisimame mtu mbele yake. Fungua boneti, injini ipate moto, washa kiyoyozi. Tazama uso wa kompresa uone inashika na kuachia mara ngapi, na usikie kama mvumo unaifuata. Zima kiyoyozi. Injini ikitulia, umempata mkosaji. Kisha fundi afuate paipu za mpira moja moja, kisha asafishe njia ya hewa, kisha apime gesi. Breki hazimo popote katika hadithi hii.

Mafundi wa mjini hawakuona kitu kwa sababu bila shaka waliambiwa kiyoyozi hakitumiki, wakalipima kikiwa kimezimwa. Kimulot nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeukisia ugonjwa bila kuambiwa dalili, naye ni Opondo. Alipokuuliza swali lile hakuwa anakutega. Alikuwa anatafuta ugonjwa, na wewe ndiye mgonjwa pekee wa kumwambia panapouma. Ukamfungia mlango.

Sasa nije kwako. Unaniandikia kwamba mdomo wako ulijibu wenyewe. Mdomo wako hauna leseni ya udereva, ndugu yangu, wewe ndiye unayo. Uongo wa Chebunyo naweza kuuelewa: tenti imeanguka, kikongwe analia, mwalimu wako wa darasa la sita amekukazia macho, mtu hupayuka. Uongo wa pili ndio unaokunyima usingizi, na ni sawa ukunyime. Ulikuwa na ndoo, na kitambaa, na mchana mweupe, na mtu aliyekuuliza kwa upole. Tena ulijua tangu zamani kwamba gari lina hitilafu, ukambeba bibi harusi ndani yake. Hayo ni matatu. Usiniletee moja.

Kuhusu Caren, unamtumia kama shuka la kujifunika. Abiria anaweza kuomba kiyoyozi, redio, au usimame anunue mahindi ya kuchoma. Kidole kilichobonyeza ni chako. Unaweza kusema ukweli wote wa Opondo bila kutaja aliyeomba: "Kiyoyozi nilikiwasha mimi, nilikuwa nimekatazwa, na gari liliruka." Hiyo si hila, ndivyo ilivyokuwa. Lakini ukiulizwa waziwazi kama kuna aliyekuambia, usitunge. Kwa hiyo huyo binti lazima umwone kwanza. Usiende kumwomba ruhusa. Nenda kumpa nafasi aseme yake kwa kinywa chake kabla hajaisikia sokoni. Ahadi uliyompa ulimpa kwa mali ya mtu mwingine, yaani jina jema la Opondo, na mwenye mali hakuulizwa.

Fanya hivi. Siku barua hii ikikufikia, kesho yake uende Chebunyo. Umsalimie na kogo, usijifiche nyuma ya nyumba. Kisha umwendee Opondo peke yako. Usibebe mbuzi, usiende na mchungaji, usiende na wazee wa kukusemea. Mwambie kwa maneno machache kwamba ulimdanganya na kwamba uliwasha. Halafu mwombe, narudia, mwombe, kama atakubali kulipima gari mbele ya Mwalimu. Akikataa ana haki. Akikubali, lipimeni pale kituoni siku ya kupima majani, kikapu kikiwa mgongoni mwa kila mtu, kwa sababu uongo wako ulisambaa pale na ukweli lazima ufike pale pale. Mwenye ploti awepo. Useme wewe, kwa sauti, kabla fundi hajagusa kitu.

Kazi utapoteza. Ipoteze. Una miaka thelathini na miwili na mikono miwili, na mkeo atafurahi kujua kumbe ilikuwa ni gari.


Barua ya pili ya dereva:

Mama Drusilla,

Barua yako ilifika Jumanne, Jumatano nikaenda Chebunyo. Nilimkuta Caren anaanika mahindi. Nilipomwambia nimekuja kusema aliingia ndani, nikajua nimemaliza ndoa ya watu, halafu akatoka na kogo amemshika, mkono bado kwenye plasta. Kumbe kogo anajua. Caren alimwambia wiki ya pili tu ya ndoa, akimlisha uji, akashindwa kuvumilia. Na kogo hakuambia mtu, anasema hakuna aliyemwuliza yeye, walikuwa wanaulizana wao kwa wao. Kitu alitaka kujua kwangu ni kama ni kweli ile gari inatoa baridi ndani wakati nje ni jua, na kwa nini hakuna mtu amewahi kumbeba nayo hata hospitali, amekuwa akipelekwa na lori. Nikasema ni kweli, kogo, na pole. Halafu akaniuliza huyo mtu niliyemtupia lawama ana watoto. Nikasema wanne. Akasema, "Na bado umesimama hapa?"

Nilirudi siku hiyo hiyo. Opondo alikuwa ameanza kung'oa mabati ya banda. Nilimwambia vile uliniandikia, maneno machache, ingawa yalitoka kwa shida. Alifuta mikono yake kwa kitambaa muda mrefu, hata vidole ambavyo havikuwa na grisi. Akasema, "Nilijua. Uliposema hapana, nilijua."

Nikamwuliza kwa nini basi hakuwaambia watu.

"Ningesema mimi," akasema, "nani angesikia?"

Lakini alikubali kupima.

Ijumaa, saa ya kupima majani, watu wakiwa na vikapu, Mwalimu akaja na gari akidhani ni breki tena, mwenye ploti naye akasogea kuangalia. Nikasema mbele yao wote. Nilisema kiyoyozi nilikiwasha mimi, nilisema breki zilikuwa nzima, nilisema Opondo aliniuliza na nikamdanganya. Opondo akaweka mawe kwenye magurudumu, akafungua boneti, akawasha. Hiyo gari ikafanya vuuu, ikanywea, ikafanya vuuu, na watu wote wakarudi nyuma pamoja, mama mmoja akamwaga majani yake. Opondo akainama akapapasa paipu za mpira moja moja mpaka akapata moja nyembamba kama kidole cha mtoto, imepasuka upande wa chini ambapo huwezi kuona. Akaweka dole gumba hapo. Injini ikatulia. Akaondoa dole gumba, ikavuma. Akarudia mara tatu bila kusema neno lolote, akiwaangalia wao, si injini. Sijawahi kuona mtu akijitetea hivyo.

Mwalimu alinishika sikio, Mama. Mimi na ndevu zangu. Akanitoa kwenye gari mpaka kwenye mizani ya majani akanifuta kazi hapo, na watu wakacheka na nilistahili. Halafu akamwendea Opondo, akavua kofia, akataka kusema kitu, na mtu huyu aliyetufundisha kuandika insha miaka thelathini hakupata sentensi hata moja. Alisimama tu na kofia mkononi. Mwenye ploti ndiye aliyeongea, akasema ile notisi imekwisha, banda libaki.

Lakini Opondo hakubaki. Mwisho wa mwezi lori lilikuja, akapakia mabati na vyombo vyake, Monicah akapanda na cherehani yake mapajani, wakahamia Kipkelion, huko ana shemeji yake. Nilikwenda kusaidia kupakia na hakunikataza. Nilimwambia si lazima aende, watu wanajua ukweli sasa. Akaniambia, "Wanajua. Na mimi nimejua vile waliniangalia." Hakusema kwa hasira. Monicah alinipa mkono. Opondo aliinua tu kichwa kidogo kama mtu anasalimia barabarani.

Sasa magari ya Kimulot yakiugua yanavutwa kwa kamba mpaka Kipkelion, na hiyo barabara mvua ikinyesha unaijua. Mwalimu anajiendesha mwenyewe, kuku wanampita. Caren yuko sawa, aliwaambia wakwe zake, walinuna wiki moja kogo akawanyamazisha. Mimi navuna majani kwa shamba letu na mke wangu, na nalala. Lakini Opondo hakuniambia amenisamehe. Nimefikiria niende Kipkelion nimwombe tena, vizuri, nipige magoti ikibidi. Unaonaje?

Dereva wa Zamani.


Mama Drusilla anajibu:

Usiende. Ulisema, akasikia. Kilichobaki ni chake, na hakukupa tarehe ya kukujibu. Ukimfuata na magoti yako mpaka Kipkelion utamlazimisha aache kazi akubembeleze wewe, na hiyo itakuwa mara ya pili kumsumbua kwa ajili ya raha yako.

Mahali pa kwenda ni hapo hapo Kimulot. Waliosema arudi kwao bado wanapima majani na wewe kila wiki, na wataanza tena na mtu mwingine, kwa kuwa wengi wao walijutia breki tu, hawakujutia yale maneno. Siku ukiwasikia, useme wewe. Wewe watakusikia.

Na siku ukipata gari la kuendesha tena, likiharibika, lipeleke Kipkelion kama mteja mwingine yeyote. Mweleze fundi dalili zote, hata zile za aibu. Kisha uketi mbali kidogo, umwache afanye kazi yake.